Kozi ya kutengeneza nguo za The Sims 4: wametuficha kivuli

Kanga niliyoitengeneza kwa kufuata kozi hii imeingia kwenye The Sims 4, gemu ya kuigiza maisha, hilo sikatai. Mhusika amejifunga kifuani vizuri, mji unaonekana, pindo linaonekana. Lakini viganja vyake vyote viwili vimezungukwa na weusi kama wa masizi, na katikati ya kifua kuna mstari wa matuta ya vifungo. Vifungo, kwenye kanga!

Hii ni kozi ya kulipia kwa anayeanza kabisa. Video zake nyingi, sauti safi, na mwalimu anajua Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D. Ila amepita juu ya jambo moja, na hilo moja ndilo linaloharibu kazi ya kila mwanafunzi wa mara ya kwanza.

Nguo moja ya The Sims 4 hubeba picha kadhaa. Kuna picha ya rangi. Kuna ya kivuli ambacho nguo inaangushia ngozi. Kuna ya matuta, inayochora mishono, mikunjo na vifungo. Kuna na ya mng'ao. Ukichagua "Standalone" (nguo mpya inayojitegemea) kwenye Sims 4 Studio, programu ya kutengenezea vitu vya gemu hiyo, inanakili nguo ya asili pamoja na picha hizo zote. Kozi inakuanzishia gauni la mikono mirefu, inakuonyesha kuingiza umbo jipya la kanga na kubadilisha picha ya rangi, basi, hongera, hifadhi faili. Mikono ya gauni imeondoka, kivuli chake kimebaki kwenye ngozi. Vifungo vimeondoka, matuta yake yamebaki.

Dawa yake haifiki dakika mbili. Kwenye ukurasa wa picha za nguo, chagua picha ya kivuli, bonyeza "Make Blank", kitufe cha kuifanya iwe tupu. Rudia kwa picha ya matuta, kisha ya mng'ao, maana khanga ya pamba haing'ai kama satini. Hifadhi. Ukiingia kwenye gemu na bado unaona picha ndogo ya zamani kwenye orodha ya nguo, funga gemu, futa faili la localthumbcache.package lililo kwenye folda ya The Sims 4, fungua tena. Faili hilo gemu hulitengeneza upya lenyewe.

Nimemwandikia mwalimu, nikaambatisha picha ya viganja. Jibu lililorudi: "Kompyuta yako dhaifu, badilisha." Salamu hakuna, pole hakuna. Na jibu lenyewe ni la uongo! Kivuli kimo ndani ya faili la nguo. Lipeleke faili hilo kwenye kompyuta ya bei yoyote, weusi utakuwa palepale. Mtu anayefundisha kwa pesa hawezi kumtuma mwanafunzi akanunue kompyuta kwa sababu ya kitufe ambacho yeye hakukionyesha.

Nimtendee haki: somo la uwazi ni zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa Kiswahili. Anaeleza kwamba picha ya rangi, upana pikseli 1024 na urefu 2048, inalazwa juu ya mwili mzima, kwa hiyo eneo lisilo la nguo lazima libaki wazi kabisa. Ukimwaga rangi nyuma yote, mhusika anatoka na mikono na miguu ya rangi ya kanga. Amelieleza taratibu, kwa mfano, bila kujivuna. Kwa somo hilo peke yake ningesema nunueni.

Halafu nakumbuka somo la umbo. Kila nguo ina maumbo kadhaa kulingana na umbali wa kamera, yaitwayo LOD, na yeye anaingiza LOD 0 tu, lile la kutazamwa karibu. Yapo mengine matatu, 1 hadi 3, na yote yanataka umbo jipya, la sivyo ukisogeza kamera mbali kanga inageuka gauni. Hakutaja hata kwa neno.

Na jina la kanga? Mwalimu anasema andika tu. Ukiandika "Mgeni njoo mwenyeji apone" kwa herufi nyembamba, linatoka ukungu, kwa sababu picha ile inabanwa kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4 na sketi yenyewe imepewa sehemu ndogo ya upana. Tumia herufi nene, zisizo na mikia, kimo kisipungue pikseli 20, na uchague jina fupi. Kanga bila jina kusomeka ni kitambaa tu, na mtu anayewafundisha Waswahili kushona kanga alipaswa kulijali hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimelisoma tena lile jibu la kompyuta dhaifu. Naacha moja, na hiyo moja ni ya somo la uwazi.