Semina ya uongozi Kilimani: 7,500 yangu haikupotea, ila kuna vitu warekebishe

Naandika hii ju watu kadhaa wameniuliza kama ile semina ya siku mbili ya uongozi niliyoenda Kilimani, hapa Nairobi, inafaa, ama ni zile za kupewa cheti na soda alafu unarudi nyumbani vile ulivyokuja. Jina lao siweki hapa kwa sababu kuna mahali nitawasema, mwenye anataka aniulize pembeni. Nililipa 7,500, chai na lanchi ndani. Mimi nina karakana ya kushona sare za shule huku Eastlands, mafundi kumi na mmoja, na nilienda nikifikiria nitafunzwa vile watu husukumwa mpaka oda iishe kwa wakati.

Wapi! Siku ya kwanza hatukugusa mambo ya wafanyakazi hata kidogo, tuliongea kuhusu sisi wenyewe. Unapewa kadi 36, kila kadi na neno moja, ukweli, uhuru, ujasiri, kusamehe, usalama wa familia na mengine, unaambiwa ubaki na kumi, alafu tano, alafu tatu. Mwalimu alitueleza hio hesabu ni ya Milton Rokeach, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka wa 1973 alitoa maadili kwa mafungu mawili, 18 ni vitu mtu anataka afikie maishani na 18 ni vile anataka kuishi akielekea huko. Ukiangalia ni kama mchezo wa watoto mpaka ufike zile tano za mwisho. Jamaa mmoja wa sacco ya matatu aliyekaa karibu na mimi alishika kadi ya familia na ya ujasiri dakika kumi nzima akizigeuza geuza, hataki kuweka yoyote chini. Mimi nilibaki na ukweli, heshima na kazi safi, na nikajiona mtu wa maana sana.

Lawama yangu kubwa iko hapo hapo. Kadi zote ni za Kizungu. Neno integriti peke yake lilitukalisha karibu nusu saa, huyu anasema ni uaminifu, mwingine anasema uadilifu, mama mmoja mwalimu mkuu akasema kwao ni mtu ambaye ukimwachia mlango wazi hupati kitu kimesongeshwa, na hapo ndo sote tulielewa. Alafu kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, chenye kimeandika utu, usawa, uwazi, uwajibikaji, yani maadili ambayo sisi wenyewe tulipigia kura, kilipewa dakika tano tu mwisho wa siku watu wakishafunga mabegi. Hio irekebishwe. Pia tuliambiwa saa mbili kamili tukaanza saa tatu na dakika arobaini, na kwa watu mnaofundisha heshima hio haipendezi.

Kwenye walinipata ni kwa mfano wa Wangari Maathai, yule mama wa kutetea mazingira. Sote tunajua habari ya 1989, jumba la ghorofa 60 lilitaka kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, akaandika barua huku na huko, akatukanwa mpaka Bungeni, na mwishowe jumba halikujengwa. Mwalimu hakukaa sana hapo, alirudi nyuma mpaka 1977 wakati mama alikua anapanda miche na wanawake wa vijijini na hakuna kamera, akatuuliza mnafikiri alichagua msimamo wake siku ile ya Uhuru Park? Nimetembea na hilo swali wiki nzima.

Siku ya pili sasa. Tuliambiwa tufungue simu, tuingie kwa grupu ya kazi, tusome meseji zetu za mwezi mmoja, kisha tuweke zile kadi tatu kando yake. Nilisoma zangu kwa sauti mbele ya watu ambao siwajui. "Nani ameharibu hii" nilikua nimeandika mara sita. Moja niliituma saa kumi na moja asubuhi. Asante ilikua moja tu na ilikua ya kijana wa kuleta vifungo.

Hapo ndo nikakumbuka mashati arobaini ya Januari, mfuko umeshonwa upande wa kulia badala ya kushoto, yakafichwa chini ya bando mpaka shule ikafungua gunia na kunipigia simu. Nilikata pesa za fundi na nikamwita mwongo, na nilikua naamini hivyo kabisa. Lakini angeniambia ukweli saa ngapi, na kwa mdomo gani? Mimi ndo nilikua nautoza faini ukweli kila siku, alafu naubeba kwa kadi. Kilichokua kinaongoza ile karakana ni uoga wangu wa kupoteza oda, na huo hakuna kadi yake.

Nilirudi nikawaambia mafundi hayo, vibaya vibaya, nikigugumia. Hakuna mtu alisema kitu. Ni kama wiki tatu baadaye mzee mmoja, fundi wa kunizidi umri, aliacha cherehani akaja na sweta mkononi saa nne asubuhi, akasema, "Madam, hizi kola nimezikata fupi, ziko kumi na mbili." Kumi na mbili, sio arobaini! Tulizirekebisha siku hio hio. Oda moja nimepoteza pia, nilimwambia mteja wazi kwamba Jumatatu haitawezekana akapeleka nusu ya kazi kwingine, na ilinikata kweli kweli, lakini hakuna fundi wangu aliyelala kwa karakana.

Nawapa nyota nne. Ya tano watapata wakichapisha kadi za Kiswahili, na wakiwapigia watu simu baada ya mwezi kuuliza mnaendeleaje, ju sisi tulitoka na cheti na hakuna aliyetutafuta tena. Chapati na ndengu zao ni tamu, hapo sina neno. Kama unaongoza watu hata watatu, kiosk, chama, kwaya, nenda. Nimeshamlipia yule mzee aende ile ya mwezi ujao, na nimemwambia kwa lile zoezi la kusoma simu abebe meseji zangu.