Playnite na Mod Organizer 2: Skyrim mbili, diski moja

Gemu ya Skyrim bila modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, siichezi tena. SkyUI peke yake, modi inayopanga upya menyu, imenifanya niupende upya mfuko wa vitu: orodha inasomeka, uzito na bei vimekaa safu kwa safu. Lakini SkyUI inategemea SKSE, programu ndogo inayoipa gemu uwezo wa ziada wa kubeba modi, na kitufe cha kawaida cha Steam hakiianzishi SKSE. Ukikibonyeza unapata gemu tupu.

Mod Organizer 2, programu ninayosimamia modi nayo, ina utaratibu wake. Haimwagi faili za modi ndani ya folda ya gemu. Inazihifadhi pembeni, kila modi na folda yake, halafu gemu ikiwaka inaonyeshwa kana kwamba zote zimo ndani. Ukifunga, folda ya Skyrim iko safi vilevile. Naupenda sana mpango huu, ila sharti lake ni moja: gemu ifunguliwe kupitia Mod Organizer, la sivyo modi hazionekani.

Ndipo Playnite ikanifaa. Ni maktaba ya gemu ya bure, ya Windows, inayokusanya za Steam, GOG na Epic mahali pamoja, na kila gemu unaichagulia njia ya kuianzisha. Kwangu Skyrim Special Edition imo mara mbili. Moja ni ile ya Steam, anayocheza mdogo wangu. Nyingine nimeiongeza kwa mkono, nikaielekeza kwenye ModOrganizer.exe, na kwenye nafasi ya maagizo ya ziada nikaandika moshortcut://:SKSE. Neno hilo la mwisho liwe lilelile lililoandikwa kwenye orodha ya programu ndani ya Mod Organizer. Mimi langu ni SKSE, lako huenda ni refu zaidi. Nabofya picha, niko Whiterun, mji wa ndani ya gemu. Diski inabeba gemu moja tu, na kwa laptopu yangu hilo ni jambo kubwa.

Kwenye Mod Organizer washa pia chaguo la kila profaili, yaani kila seti ya modi, kuwa na sevu zake (hatua za gemu ulizohifadhi). Sevu yenye modi ikifunguliwa kwenye gemu tupu inaweza kuharibika, na mtoto hana kosa hapo.

Kinachohitaji uangalizi ni masasisho. Niliiambia Steam isiguse gemu mpaka ifunguliwe, na njia ya SKSE haiamshi sasisho. Ya mdogo wangu huamsha. SKSE hudai toleo lake hasa la gemu, kwa hiyo gemu ikipanda toleo, modi zangu zinasubiri SKSE mpya. Siku hizi anaiweka Steam nje ya mtandao kwanza, ndipo anacheza.

Wewe unayetumia Vortex, programu nyingine ya kusimamia modi, huna haja ya haya yote kwa modi za kawaida, kwa kuwa yenyewe huziunganisha moja kwa moja kwenye folda ya gemu. Kwa anayetumia Mod Organizer, hasa nyumba yenye kompyuta moja na wachezaji wawili, naipendekeza Playnite bila kusita.