Newman's Own: sosi inayogawa faida yote, kwa ulimi na kwa hesabu

Rafu za supamaketi za Marekani zimejaa ahadi. Mtindi unachangia wagonjwa wa saratani, nafaka za asubuhi zinasaidia shule, biskuti zinapanda miti. Ukisogeza pakiti karibu na macho utakuta mkia wa herufi ndogo: "mpaka kiasi fulani", "kwa mwezi huu tu", au "sehemu ya mapato" bila kutajwa ni sehemu ipi. Newman's Own, kampuni ya vyakula yenye sura ya mwigizaji Paul Newman kwenye lebo, haina mkia huo. Inasema asilimia 100 ya faida inakwenda kwenye misaada, basi.

Tuanze na chupa. Sosi ya saladi ya mafuta ya zeituni na siki ndiyo mama wa bidhaa zote. Desemba 1980 Newman na rafiki yake, mwandishi A.E. Hotchner, waliichanganya chini ya banda huko Westport, Connecticut, wakikoroga kwa kasia la mtumbwi, wakaijaza kwenye chupa kuukuu za mvinyo na kuwagawia jamaa kama zawadi ya Krismasi. Kampuni ikaanza 1982. Siki ndiyo inayotangulia ulimini, mafuta yanafuata. Itikise kwa nguvu kabla ya kumimina, vinginevyo wa kwanza mezani anapata mafuta matupu na wa mwisho anakunywa siki. Ikikaa kwenye friji, mafuta ya zeituni huganda na kufanya mabonge meupe. Haijaharibika, iache mezani robo saa au uiweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.

Kwa kachumbari ya nyanya mbili na kitunguu kimoja, kijiko kimoja na nusu cha mezani kinatosha. Ndimu usitie, maana siki imeshafanya kazi yake, na chumvi uonje kwanza. Imimine dakika ya mwisho: chumvi iliyomo huvuta maji ya nyanya, na kachumbari iliyokaa nusu saa inageuka supu. Wanaochunga halali wajue kwamba siki yake inatokana na mvinyo mwekundu, jambo ambalo wanazuoni hawana kauli moja juu yake, na kwamba sosi ya Caesar ina samaki na jibini.

Sosi ya tambi inayoitwa Sockarooni ni nzito, ina vipande vya mboga unavyoviona kwa jicho, na inafaa zaidi kwa nyama ya kusaga kuliko kuliwa peke yake. Tatizo lake ni chumvi. Chupa ya gramu 680 lebo inaihesabu kuwa ya watu watano hivi, nusu kikombe kila mmoja, lakini nyumba nyingi chupa hiyo inaliwa na watatu. Kwenye lebo za Marekani, kitu chenye asilimia 5 ya sodiamu ya siku ni kidogo, 20 ni nyingi. Kwa hiyo soma asilimia kisha zidisha kwa sahani unayokula kweli. Nyoosha sosi kwa karoti iliyokunwa na nyanya mbichi, na nyama usiikaange na chumvi. Bisi na piza za kugandishwa tunazipita: ni za kawaida, na kampuni inayojinadi kwa afya ya watoto ingeweza kujitahidi zaidi hapo.

Sasa hesabu, ambako wengi huteleza. Faida si bei. Tuchukulie chupa inauzwa dola 5, duka linabaki na dola 1.50, kampuni inapata 3.50, na baada ya kiwanda, chupa, usafiri na mishahara zinabaki senti 35. Hizo senti 35 ndizo msaada. Kampuni nyingine yenye hesabu ileile ikiahidi asilimia 10 ya faida, inatoa senti 3.5; ikiahidi asilimia 1 ya mauzo yake, ni hizohizo senti 3.5. Kwa hiyo asilimia 100 ya Newman's Own ni mara kumi ya hizo, lakini bado ni senti. Na iko tofauti moja isiyosemwa sana: anayeahidi sehemu ya mauzo anatoa hata mwaka wa hasara, ilhali anayeahidi faida yote, faida ikikosekana, hana cha kutoa. Ukitaka dola 5 zako zote ziwafikie watoto, zitume moja kwa moja. Chupa inunue kwa sababu unaitaka sosi.

Kinachoifanya ahadi hii iaminike ni umiliki. Kampuni ni mali ya wakfu, Newman's Own Foundation, ulioundwa 2005. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Newman alipofariki Septemba 2008 na kampuni kuangukia mikononi mwa wakfu, ikatokea balaa ya kisheria. Sheria ya kodi ya Marekani ya 1969 hairuhusu wakfu binafsi kushika zaidi ya asilimia 20 ya biashara. Ukikaidi, faini inaweza kufika asilimia 200 ya thamani ya ziada hiyo. Wakfu ulipewa miaka mitano ya kuuza, ukaongezewa mitano mingine, hadi Novemba 2018. Kama muda ungekwisha bila sheria kubadilika, wakfu ungelazimika kuiuza kampuni, na ahadi ya lebo ingebaki kwenye hisani ya mnunuzi. Februari 2018 Bunge la Marekani likapitisha msamaha wenye masharti: wakfu umiliki hisa zote zenye haki ya kupiga kura na usiwe umezinunua, mapato halisi ya biashara yafikishwe kwenye misaada ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa kodi kufungwa, na biashara iendeshwe bila mkono wa familia ya mwanzilishi. Masharti hayo yana nguvu kuliko tangazo lolote, kwa kuwa kuyavunja kunagharimu.

Jumla iliyotolewa tangu 1982 imepita dola milioni 600. Ukigawa kwa miaka, ni wastani wa milioni 14 hivi kwa mwaka.

Familia haikuridhika na kila kitu. Agosti 2022 mabinti wawili wa Newman waliushtaki wakfu huko Connecticut kwa kupunguza fedha ambazo kila mmoja alikuwa akizielekeza kwenye misaada aipendayo, kutoka dola 400,000 hadi 200,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuwa za mifuko yao, lakini kesi inaonyesha kwamba kauli ya "faida yote inatolewa" haijibu swali la nani anachagua wa kupewa. Anayetaka kujua asome fomu ya 990-PF ya wakfu, yaani taarifa yake ya kodi ya kila mwaka, ambayo ni ya wazi kwa umma: inaorodhesha kila ruzuku, aliyepokea, kiasi, pamoja na mishahara ya wakurugenzi. Fungua ya mwaka wa karibuni na ya miaka mitatu nyuma, uone nani ameongezewa na nani ameachwa.

Mfano ulio bora kuliko yote ni kambi za watoto wagonjwa. Ya kwanza, The Hole in the Wall Gang Camp, Newman aliifungua 1988 huko Ashford, Connecticut, ikiwa imejengwa mfano wa mji wa zamani wa wachunga ng'ombe. Hata zahanati yake inaitwa OK Corral, jina la zizi mashuhuri la enzi za wachunga ng'ombe, kusudi mtoto anayekwenda kutundikiwa dripu asijione yuko hospitali. Leo kambi na programu za aina hiyo ziko nchi mbalimbali chini ya mtandao wa SeriousFun Children's Network, ikiwamo Barretstown ya Ireland. Familia hailipi ada.

Kwa wasomaji wetu wa Marekani hili lina uzito wake, maana sikoseli ni mojawapo ya magonjwa ambayo kambi ya Ashford iliyachukua. Maji baridi yanaweza kumwamshia mtoto wa sikoseli maumivu, hivyo kambi inayowapokea hukaza macho kwenye joto la bwawa, maji ya kunywa na mapumziko. Walioko Columbus, Ohio, wana Flying Horse Farms kaskazini yao huko Mount Gilead. Florida kuna Boggy Creek, California kuna The Painted Turtle. Kila kambi ina orodha yake ya magonjwa na umri, kwa hiyo anza kwa kumwuliza ofisa ustawi wa kliniki ya mtoto. Fomu ndefu ni ya afya, na daktari ndiye anayeisaini. Iombe wakati wa baridi, si Mei, kwa kuwa wiki za kambi mara nyingi hupangwa kwa ugonjwa na wiki ya mtoto wako huenda ni moja tu kwa msimu mzima. Orodha ya dawa iandikwe kwa majina na vipimo kamili, na kama nyumbani Kiingereza si chepesi, omba mkalimani tangu simu ya kwanza.