Kubana folda nzima au kupunguza sauti na picha za gemu?

Gemu uliyolitengeneza nyumbani likivimba, wengi hukimbilia kubana folda nzima kwa 7-Zip, programu ya kubana faili. Ni kazi ya dakika chache, na ubora haupungui. Lakini faida yake ni wakati wa kupakua tu. Mchezaji akishafungua kifurushi, ukubwa wote unarudi kwenye diski yake. Tena faili za picha za PNG na JPG, na za sauti za OGG, tayari zimebanwa, kwa hiyo hazipungui sana.

Sisi tunaanza na faili zenyewe, hasa muziki. WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya stereo, biti 16, hezi 44,100, hula takriban megabaiti 10.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 3 ni karibu megabaiti 32. Ukiugeuza kuwa OGG hubaki kama 3.6. Amri hii ya programu ya ffmpeg, inayoandikwa kwenye dirisha la amri, hufanya kazi hiyo:

ffmpeg -i muziki.wav -c:a libvorbis -q:a 5 muziki.ogg

Usitumie MP3 kwa muziki unaojirudia: huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni, na mruko unasikika. Milio mifupi, kama risasi au hatua, iache WAV. Badilisha pia jina la faili ndani ya msimbo, la sivyo gemu litakuwa bubu. Na WAV za asili zitunze, kwani ubora uliopotea kwenye OGG haurudi.

Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 ikionekana ndogo kwenye skrini, ipunguze hadi 2048. Hata kumbukumbu inayotumika hushuka kutoka megabaiti 64 hadi 16.

Kubana folda kuje mwisho, na kwa ZIP, maana Windows huifungua bila programu ya ziada.