Masta ya haraka ya uhandisi wa mifumo: nimemaliza, haya ndo maoni yangu

Nyota 4 kati ya 5. Uhandisi wa mifumo ni kazi ya kupanga mfumo mzima ili sehemu zake zote zifanye kazi pamoja. Mpango wenyewe uko hivi, unaanza kozi za masta ukiwa bado mwaka wa mwisho wa digrii ya kwanza, halafu unaongeza mwaka mmoja tu unatoka na digrii mbili. Kwetu masta ilikuwa krediti 30, na 9 kati ya hizo zinahesabiwa pande zote mbili.

Kozi ya kuandika mahitaji ya mfumo peke yake ilirudisha ada yangu. Wiki ya kwanza niliandika "mfumo uwe rahisi kutumia" nikajua nimemaliza, mwalimu akairudisha na neno moja pembeni, utapimaje? Nikaandika tena akarudisha tena, mara ya nne ndo nikafika kwenye "mtumiaji mpya aweze kuwasha kifaa ndani ya sekunde 60 bila kusaidiwa" na hapo ndo nikaelewa, hitaji lisilopimika ni matamanio tu, huwezi kumkabidhi fundi akajenga.

Kingine ni viungio, pale sehemu moja ya mfumo inapokutana na nyingine. Tulisoma habari ya Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea 1999, programu moja ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya pauni, waliopokea wakazisoma kama nyutoni, kipimo kingine kabisa, chombo kikaifikia Mars kikiwa chini mno basi ndo ikawa mwisho wake. Darasani unaona hilo mimi siwezi kulikosea. Sasa njoo kwenye projekti yetu ya droni, siku ya kuunganisha watu wa betri wamekuja na betri, watu wa kamera wana kamera yao, waya wa katikati hamna, kila kundi limeandika kwenye karatasi zake kwamba waya unatoka kwa wenzao! Siku tatu zilienda hapo. Tangu siku hiyo kila kiungio tulikiandikia jina la mtu, sio jina la kundi.

Kozi ya kuchora modeli kwa SysML, lugha ya michoro ya kuelezea mfumo, ilikuwa ya kawaida, nusu ya semista tunahangaika na programu yenyewe.

Tatizo kubwa ni mwendo. Ukitoka moja kwa moja digrii ya kwanza unakaa darasa moja na watu waliofanya kazi miaka kumi, mwalimu akisema mteja amebadilisha mawazo katikati ya mradi wao wanatikisa kichwa yamewakuta, wewe unakariri. Mimi kilichoniokoa ni miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo niliyofanya kabla, bila hiyo ningetoka na vyeti tu.

Na hili limeniuma mpaka leo, kozi yangu moja ya takwimu ilikataliwa kwa sababu nilisajiliwa kwa namba ya kozi ya digrii ya kwanza badala ya ile ya masta, na mshauri alishaniambia kwa mdomo haina shida. Nikahesabiwa krediti 6 badala ya 9, nikalipia kozi nyingine. Kwa hiyo kabla hujasajili hata kozi moja omba orodha ya zinazohesabiwa pande zote, kwa maandishi, na uulize alama ya chini wanayokubali ni ipi.

Kama umepata kazi na mwajiri yuko tayari kukulipia masomo, nenda kazini kwanza, masta utaikuta. Kama hujapata na mradi umeshawahi kuugusa kwa mikono yako, ingia.