Mwaka mmoja na seva ya bekapu nyumbani Kansanga, Kampala

Baba yangu alifanya kazi ya reli, njia ya Kampala hadi Kasese, enzi za East African Railways. Kabla hajafariki nilikaa naye jioni nyingi nikirekodi masimulizi yake kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya reli: Mjaluo, Mkonzo na Mganda waliagizana kazi kwayo. Nilikuwa na rekodi 14 kwenye laptopu, na nakala kwenye diski ya nje niliyoichomeka mara ya mwisho miezi minane kabla laptopu haijafa. Zilizopatikana ni tano. Tisa zimekwenda na hazirudi.

Mimi ni mtafsiri wa nyaraka, si fundi wa kompyuta. Nilichotaka baada ya hapo ni kitu kimoja: nakala zijichukue zenyewe bila kumngojea mtu akumbuke.

Kwanza nilifikiria kuhifadhi mtandaoni. Lakini nyumba yetu ina kompyuta tatu, yangu, ya mume wangu ambaye ni mwalimu, na ya mwanangu anayesoma Makerere, na mafaili yote yanafika GB 600 hivi. Kuyapandisha kwa bando, ambalo tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, ni mzigo. Tena sijasahau Januari ya mwaka huo, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Kazi ya mteja ilikuwa huko mtandaoni, na siku zote zile sikuweza kuifikia. Seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa humo humo kupokea na kutunza nakala (bekapu) za kompyuta nyingine, haina habari na hayo. Mafaili yanatoka kwenye laptopu, yanapita kwenye ruta, yanaingia kwenye seva, na bando haliguswi.

Kuna visanduku vya kununua vikiwa tayari, vya Synology na QNAP, na mwenye uwezo anunue, vinaokoa muda. Mimi nilichukua kompyuta ndogo ya mezani ya HP iliyokwisha kutumika ofisini, yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha sita na RAM ya GB 8, kwa shilingi 480,000 katika duka moja karibu na William Street. Nikaongeza diski ya TB 4 ya kuwekea nakala na SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, ya GB 120 ya kuwekea mfumo unaoiendesha seva. Hiyo SSD ina sababu yake: OpenMediaVault, mfumo nilioutumia, hujichukulia nzima diski unamouweka, na nakala haziwekwi humo. Ni wa bure, umejengwa juu ya Debian, ambayo ni aina ya Linux, na ukishauweka unauendesha kupitia kivinjari cha laptopu. Seva yenyewe haihitaji skrini wala kibodi.

Kazi ya bekapu inafanywa na UrBackup, nayo ya bure. Unaiweka kwenye seva, kisha programu yake ndogo kwenye kila kompyuta, na zinatafutana zenyewe ndani ya mtandao wa nyumba. Nimeipangia kila baada ya saa sita ichukue kilichobadilika tu, na kila wiki ichukue picha ya diski nzima ya Windows, yaani nakala ya mfumo, programu na mafaili yote kwa pamoja. Faili moja likiwa kwenye kompyuta zote tatu, linahifadhiwa mara moja. Kuiweka kupitia Docker, njia ya kuendesha programu ndani ya kifurushi chake peke yake, kulinila jioni mbili, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa kukaa naye.

Usiku wa kwanza nilianzisha nakala kamili ya laptopu yangu, GB 300, kwa kebo, nikalala. Kulipokucha ilikuwa bado inaendelea. Matundu ya ruta niliyopewa na kampuni ya intaneti ni ya Mbps 100, yaani MB 11 au 12 kwa sekunde, kwa hiyo GB 300 ni zaidi ya saa saba. Nilinunua swichi, kifaa cha kuunganishia kebo za mtandao, ya gigabiti (mwendo mara kumi ya ule wa ruta) yenye matundu matano, shilingi 80,000, na bado mwendo haukubadilika. Hapo nilikaribia kukata tamaa. Mwanangu ndiye aliyekagua kebo. "Mama, hii ina nyaya nne tu zilizoungwa," akasema. Gigabiti inataka nyaya zote nane. Tulipobadilisha kebo mwendo ukapanda hadi karibu MB 110 kwa sekunde, na laptopu ya mume wangu ikamaliza kabla chakula cha jioni hakijaiva. Nakala ya kwanza ifanyeni kwa kebo. Za kila siku ni ndogo, Wi-Fi inazitosha.

Umeme wa mtaani kwetu unakatika na kurudi, wakati mwingine mara tatu kwa jioni moja, na diski inayoandika haipendi hivyo. Nimeweka UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ya VA 650, na kwenye OpenMediaVault nikawasha programu ya NUT inayoizima seva kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Kisha niliingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikachagua kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Bila hilo, ukikatika mchana hakuna mtu nyumbani, seva inabaki imelala na bekapu zimesimama bila wewe kujua. Matumizi yake ni madogo. Inakula kama wati 20, uniti 14 hivi za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi.

Fundi wa dukani alinishauri, "Mama, weka diski mbili zifanane, umemaliza." Nilimshukuru lakini sikumfuata. Diski pacha zinakusaidia moja ikifa. Ukifuta faili kwa makosa, au kirusi kikiyafunga mafaili yako kwa ufunguo na kudai pesa, pacha naye anaharibika dakika ileile. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Hiyo moja ya nje nimeiweka kwa dada yangu Mukono: diski mbili za USB zenye nywila, moja iko kwake, nyingine naipeleka kila mwezi tunapobadilishana. Kansanga kuna wezi na kuna radi, na seva iko chumba kimoja na laptopu.

Mwezi wa saba tangu niiweke, SSD ya laptopu ya mwanangu ilikufa wiki moja kabla ya mitihani. Huo ndio ulikuwa mtihani wa seva pia. UrBackup ina mfumo wake wa kurejeshea, unaouweka kwenye flashi na kuwashia kompyuta. Tulinunua SSD mpya ya GB 240, tukaichomeka, tukachagua picha ya Jumapili iliyopita, ikakataa. Diski ya zamani ilikuwa ya GB 256, na picha ya diski inataka diski yenye ukubwa uleule au zaidi. Tulirudi dukani kwa boda, tukaongeza pesa, tukapewa ya GB 512. Mara hii ilikubali. Muda wa saa moja hivi laptopu iliwaka ikiwa na kila kitu, hata picha ya nyuma ya skrini, na maandishi aliyoyaandika Jumatatu na Jumanne tukayatoa kwenye nakala za kila saa sita. Nilimwona kijana wangu akivuta pumzi. Siwezi kueleza nilivyojisikia.

Tangu siku hiyo, kila mwezi nachagua faili moja bila mpango na kulirejesha, nione kama linafunguka. Rekodi tano za baba ziko humo na Mukono pia, na ndizo ninazozijaribu mara nyingi zaidi.

Sasa kuna jambo dogo la kurekebisha. Betri ya UPS ilikuwa inashika dakika 12 na sasa inashika sita. Seva yenyewe ndiyo iliyoniandikia barua pepe kunijulisha, na Jumamosi nakwenda mjini kununua nyingine.