Nyota moja kwa kijaza maji, tangi lenyewe tutaelewana

Hukumu naitoa mwanzoni ili asiye na muda aondoke nayo: seti hii ya tangi dogo la matumbawe, lita 60, chemba tatu nyuma, inauzwa pamoja na kijaza maji otomatiki, na hicho kijaza maji ni cha kutupa. Kimeundwa na mtu ambaye, naapa, hajawahi kukaa mbele ya tangi la maji chumvi siku mbili mfululizo. Majuzi kati kilisukuma lita nane zote za hifadhi ndani ya tangi kwa usiku mmoja. Sakafu ililowa, hilo si kitu, sakafu hukauka. Chumvi ilishuka kutoka 35 kwa elfu hadi karibu 30, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Wasiojua kifaa hiki ni cha nini: maji yanapopotea hewani huenda peke yake, chumvi inabaki. Ukishaweka kilo sita za mawe na mchanga wa sentimita tatu, tangi la lita 60 hubaki na maji kama lita 48. Taa na mzunguko wa hewa huondoa karibu lita moja kwa siku. Usipojaza, 35 inakuwa 35.7 kesho na 36.5 keshokutwa. Kwenye tangi la lita 400 usingeona tofauti, ila kwenye dogo kila lita ina uzito wake. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kurudisha maji matamu yaliyochujwa kwa RO (kichujio kinachoondoa karibu kila kilichoyeyuka), kidogo kidogo, mchana na usiku. Wazo lenyewe ni zuri na silipingi. Ninachopinga ni walivyolitekeleza.

Kihisi chao ni cha mwanga. Ndani ya ncha ya plastiki kuna taa ndogo ya infraredi na kipokezi chake. Ncha ikiwa hewani, mwanga hugonga ukuta wa plastiki na kurudi kwa kipokezi. Ikiwa majini, mwanga hutoroka. Mwanga ukirudi, kidhibiti kinaelewa “pakavu, sukuma maji”. Sasa fikiria kiputo kimoja cha hewa, saizi ya kichwa cha pini, kikinata kwenye ncha. Kihisi kimezama, lakini ncha inaona hewa. Kidhibiti kinasukuma, maji yanapanda, na kiputo hakina habari.

Na viputo vinatoka wapi? Kutoka kwenye skima ya seti hiyohiyo, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu la viputo! Wameiweka chemba ya katikati, na maji yake hupita chini ya kizuizi moja kwa moja hadi chemba ya mwisho yenye pampu ya kurudisha, ambako kihisi kinaning'inia ncha ikitazama chini, mkao bora kabisa wa kunasa kila kinachopanda. Skima yoyote mpya hutema viputo vidogo kwa wiki moja au mbili hadi ijipake utelezi ndani. Hata iliyokomaa huchafuka kila ukibandika matumbawe kwa gundi ya epoksi, ukiingiza mkono wenye mafuta, au ukimwaga chakula kilichogandishwa bila kukisuuza. Waliounda seti walijua skima iko wapi na kihisi kiko wapi, maana wote wawili wamechorwa kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu.

Halafu tazama makosa yake yanaelemea upande gani. Kiputo humfanya aone pakavu. Ukoko wa kalsiamu kwenye ncha waweza kurudisha mwanga, naye akaona pakavu. Mwanga mkali wa jua ukimulika kipokezi, pakavu tena. Tone la maji likibaki kwenye ncha ataona majimaji na hatasukuma, lakini hilo ni kosa la heri: maji yanapungua taratibu, pampu ya kurudisha inaanza kukoroma, unasikia, unakwenda. Makosa ya hatari yote yako upande wa kufurika, na ulinzi wa upande huo haupo kabisa.

Kuna njia nyingine ya kufika kulekule ambayo kijitabu hakiitaji. Maji huingia chemba za nyuma kupitia kichanio cha plastiki juu ya ukuta. Konokono akijibanza pale, au mwani ukiziba meno, pampu inaendelea kutoa maji chemba ya mwisho kuliko yanavyoingia. Kina kinashuka pale nyuma wakati mbele kinapanda. Kihisi, safari hii kikiwa kizima kabisa, kinaripoti upungufu ambao haukutokana na maji kupotea hewani, na maji matamu yanamiminwa. Wenye matangi ya chemba za nyuma wanalijua hili.

Dawa ya yote haya ni kikomo cha muda. Pampu yao ndogo inasukuma lita 60 kwa saa, yaani lita moja kwa dakika. Tangi linahitaji lita moja kwa siku. Hakuna siku pampu hiyo itakuwa na sababu halali ya kwenda dakika tatu bila kupumzika. Mstari mmoja wa programu: ikipita dakika mbili, zima, piga kelele. Hawakuuweka. Wameweka taa ya rangi saba kwenye kidhibiti, inayobadilika ukiigusa. Rangi saba!

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na vipimo vyote. Jibu: “Ndugu mteja, hakikisha kihisi ni kisafi.” Nikatuma picha ya kihisi kisafi. Jibu la pili ndilo lililonitoa moshi: “Ndugu mteja, mtumiaji anatakiwa kukagua kiwango cha maji kila siku, asubuhi na jioni.” Sasa ndugu yangu, kama nitasimama hapo asubuhi na jioni, nina haja gani na kifaa chenu? Asubuhi na jioni naweza kumimina kikombe kwa mkono wangu mwenyewe. Nikauliza swali moja tu, kidhibiti kina kikomo cha muda au hakina. Wakafunga mazungumzo na kuniomba niwape alama za huduma. Nimewapa.

Tuje kwenye madhara, maana wapo watakaosema 30 kwa elfu si mbaya, maduka mengine huweka samaki hapo. Kweli, samaki wanadhibiti chumvi ya mwili wao wenyewe, na samaki wa anemoni wawili waliomo hawakuonyesha hata kushtuka. Kamba na konokono hawana uwezo huo wa haraka. Maji yakipungua chumvi ghafla, mwili wao unaingiza maji kuliko unavyoweza kutoa. Kamba msafishaji, Lysmata mwenye mstari mweupe mgongoni, alikufa. Konokono wa Trochus walidondoka kioo kizima na kulala chali. Ukiwageuza mapema wengi huamka. Zoanthus, wale jamaa wa matumbawe wasio na mifupa, walijifunga kwa siku kadhaa. Euphyllia, tumbawe lenye mifupa ya mawe, alinywea akabaki mifupa ya juu ikionekana, kisha akarudi.

Hapa ndipo wengi huharibu zaidi, kwa hiyo sikiliza vizuri. Maji matamu hayapunguzi chumvi pekee, yanapunguza kila kilichoyeyuka. Alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) iliyokuwa 8.5 dKH itasoma kama 7.3, kalsiamu ya 430 itasoma karibu 370, magnesiamu hivyohivyo. Ukiona vipimo hivyo ukakimbilia chupa za kuongeza alkalini na kalsiamu, utarekebisha mara mbili: chumvi ikirudi 35 vyote vitakuwa vimepitiliza. Acha chupa. Usimwage chumvi kavu pia, inachoma matumbawe inapotua. Zima kijaza maji, na kila siku lita iliyopotea hewani irudishe kwa maji ya chumvi ya 35 badala ya maji matamu. Lita 48 zinahitaji gramu 240 za chumvi ili zipande tano. Kila lita ya maji ya chumvi inaleta gramu 35. Ni wiki moja, mwendo wa polepole ambao hata kamba angeuvumilia. Refraktomita, kile kipima chumvi cha kuchungulia, isawazishe kwa maji maalumu ya 35 kwa elfu, si kwa maji matamu, vinginevyo unafukuza namba ya uongo.

Kama tayari unayo seti hii, usiitupe. Nunua swichi ya boya, ile ndogo ya wima. Iunge katikati ya waya mmoja wa umeme wa volti 12 unaokwenda kwenye pampu ya kujaza, uifunge sentimita moja juu ya kina cha kawaida, ikiwa imewekwa hivi kwamba boya likipanda umeme unakatika. Ikifanya kinyume, vua boya, ligeuze, lirudishe. Hakikisha swichi inabeba ampea nyingi kuliko pampu inavyovuta. Isipotosha, mguso wa ndani huungua na kugandana, na umerudi ulikotoka. Ivalishe kipande cha bomba chenye matundu ili konokono asilikalie boya. Kihisi cha mwanga kigeuze kilale ubavu kwenye kona ya mbali, viputo viteleze, na kila wiki kifute kwa siki. Kwenye njia ya maji kutoka kwa skima weka kipande cha sponji, ukisuuze kila baada ya siku chache, kisigeuke kiwanda cha nitrati.

Na hifadhi usiijaze. Weka lita tatu tu. Zote zikiingia kwa mkupuo, chumvi inashuka hadi karibu 33, hakuna anayekufa, na chemba zinazimeza bila kufurika. Nimeona wanaoshauri soketi ya saa. Ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye vipande vya dakika 15, ni bure kwa pampu hii: dakika 15 ni lita 15. Inayofaa ni ya kidijitali inayokubali dakika moja.

Baada ya hayo yote ni lazima niseme ukweli unaoniuma: tangi lenyewe ni zuri. Kioo ni safi, kona zimegundishwa vizuri, pampu ya kurudisha haina kelele, taa inakuza matumbawe laini na Euphyllia bila shida. Hita ya wati 50 inashika nyuzi 25 bila kuyumba. Ukiongeza pampu moja ndogo ya mawimbi, maji yanazunguka inavyotakiwa. Nilikuwa tayari kupandisha hadi nyota tatu kwa ajili ya hayo.

Kisha nikakisoma upya kijitabu, nikashuka tena. Eti samaki wanaingia baada ya saa 48. Saa 48! Mawe makavu yanataka wiki tatu hadi sita. Unaweka amonia hadi 2 kwa milioni, unasubiri bakteria wanaoila waongezeke, na tangi liko tayari siku amonia hiyo inapoisha ndani ya saa 24 na nitriti inayotokana nayo ikisoma sifuri. Ukurasa unaofuata ni mbaya zaidi: jiwe likiota kitu usichokitaka, “lichemshe.” Jiwe lenye Zoanthus au ndugu zao Palythoa halichemshwi kamwe. Wengine wao wana palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini. Likikushinda, litoe ulitupe, ukiwa na glavu na miwani. Kuhusu kijaza maji nilidhani ni ubahili. Kwa ukurasa huu sijui niite nini.

Nyota mbili basi, na zote mbili ni za kioo na taa. Kama bado unaitaka, muulize muuzaji jambo moja kabla ya kulipa: kidhibiti kinazima pampu baada ya dakika ngapi? Akitaja namba, huenda wametoa toleo jipya, lichukue. Akianza kukueleza jinsi ya kufuta kihisi, nunua tangi la kioo tupu na vifaa vyake kando.